Mluzi wa Saa Nane

Kisiwani Atka hatuna miti, hatuna radi.
Tuna upepo, tuna ukungu unaoingia ndani bila hodi.
Mtoto wa hapa hufika darasa la nne
hajasikia ngurumo hata moja.

Mimi, Marfa, binti wa mpiga kengele wa kanisa,
nalipwa dola hamsini kwa mwezi
kusikiliza radi za wenzetu.

Kibanda. Jenereta inayokohoa. Antena ndefu juu ya nyasi,
na tepu inayozunguka dakika mbili kila saa.
Upande wa pili wa dunia, bonde la Mataura,
kusini kabisa mwa Nyuzilandi,
Hoani Tamahika ana kibanda kama hiki.
Hatujaonana. Tunaandikiana.

Barua yake ya kwanza, mwandiko wa mtu aliyezoea kuhesabu kondoo:
*Radi ikipiga kwangu, spika husema ta! basi,
kama kijiti kikavu.
Lakini kuna sehemu ya mlio isiyokubali kubaki chini.
Hupenya ionosfia usiku, zulia likiwa jembamba,
hudaka uzi wa sumaku ya dunia
na kupanda nao, kilomita elfu kumi,
juu ya vichwa vya watu wa ikweta waliolala,
halafu hushuka. Hushukia kwako.*

Na njiani hupangana. Sauti nyembamba zina miguu myepesi,
nzito hujikokota.
Kwa hiyo mimi sisikii *ta*.
Nasikia *fiiiiiuuuuuu*,
kitu kinachoanguka na hakifiki.

Nililifikiria kanisa letu likitoka Jumapili:
watoto mbio mbele, kina mama wakifunga vitambaa,
mwisho kabisa babu Feofani na gongo lake.
Wote walitoka mlango mmoja, kengele moja.

Dalili ya mvua ni mawingu, husemwa.
Mimi dalili yangu ilikuwa mluzi, na mvua yenyewe
ililowesha mashati ya watu nisiowajua,
kesho yao, maana kwa Hoani ilikuwa Jumatano
na kwangu bado Jumanne.

Januari ile, saa nane na dakika kumi na nne usiku,
ulikuja mmoja ambao sijapata kuusikia tena.
Ulianzia juu kuliko filimbi,
ukateremka taratibu, bila mkwaruzo, sekunde mbili nzima.
Nilitabasamu peke yangu gizani.
Nikaandika daftarini: *Safi. Mrefu. Daraja la kwanza.*
Nikapiga mstari chini yake. Mistari miwili.

Barua ilichukua wiki saba.
*Usiku ule,* aliandika Hoani, *shemeji yangu Tiaki
alitoka kuwahamisha kondoo kwenye mto uliofurika.
Walijibanza chini ya misonobari, yeye na kondoo watatu.
Nimelinganisha saa. Ni ileile, Marfa.
Tafadhali nitumie nakala.*

Nililichukua daftari na wembe.
Nikauweka wembe juu ya neno *safi*.
Nje kulungu walikuwa wakikwangua theluji,
krr, krr, wakitafuta cha kula.

Sikukwangua kitu. Kwani ulikuwa safi.
Pembeni, kwa penseli, niliandika jina lake,
na majina ya kondoo sikuwa nayo, nikaandika: *na watatu*.

Nakala niliituma. Ndani ya bahasha niliweka maneno machache
ambayo hadi leo sijui kama yalifaa:

Hoani, ulinifundisha mwenyewe kwamba mluzi ukifika huku
haufi wote. Unaligonga anga langu na kugeuka,
unaushika uzi uleule, unarudi.
Sogeza tepu yako mbele kidogo baada ya ile *ta*.
Hesabu moja, mbili, tatu, nne.
Utasikia kitu kirefu, kinene, kimechoka kwa safari.
Hicho kimetoka kwangu.
Sikukiongeza neno.
Nilikuwa macho kilipopita.